Kigali ya Lusahunga

Naanza na uongo wangu mwenyewe, maana ndio kisu walichonichinjia. Nisipousema mimi atausema mwingine, na huyo mwingine ameshausema tayari, kwenye spika nne, mchana kweupe, mama yangu kakaa mbele na kanga yake mpya.

Miaka ile nilikuwa msanii. Usicheke. Nilikuwa na nyimbo nne za Bongo Fleva, nimezirekodi Biharamulo mjini kwenye studio iliyokuwa nyuma ya saluni. Wimbo wa pili ukiusikiliza vizuri unasikia draya ya nywele. Hakuna aliyenifundisha. Kinanda sijui, gitaa sijui. Mdundo nilijifunza kwa kugonga dumu la maji, na kupanga sauti nilijifunza kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Redio ilinipiga mara moja, mtangazaji akanikata katikati ya ubeti ili asome matangazo ya vifo. Lakini kwetu Nyabusozi kila kijana aliyejaziwa nyimbo kwenye memori kadi alikuwa na mimi humo ndani, kwa sababu yule jamaa wa duka la simu nilimbembeleza aniingize hata kama mteja hakuniomba. Umaarufu wangu ulikuwa huo, kusikilizwa na watu ambao hawakunichagua.

Halafu siku moja nikaimba Ngara, kwenye ukumbi, watu wachache lakini wakorofi kwa kushangilia. Nikashuka jasho linanitoka, akanifuata mtu mmoja na koti lake, akaniambia, "Dogo, wewe unapotea huku. Kigali kuna jukwaa. Jumamosi uwe Rusumo, basi la wasanii litakukuta hapo."

Nikamwambia mama. Hapo ndipo nilipokosea. Mama yangu ukimpa neno zuri halali nalo. Jumapili alisimama wakati wa shukrani, akasema mwanangu anakwenda kuimba nje ya nchi, na kanisa zima likaninyooshea mikono kuniombea. Wazee walionijua naiba mihogo, wamefumba macho, wananiombea mimi.

Rusumo, pale mpakani, hapakuwa na basi. Mwenye koti simu yake haikupatikana siku hiyo na haijapatikana mpaka leo. Nikakaa siku mbili naangalia malori yanavuka daraja, mimi sina hata karatasi ya kuvukia. Sasa niambie, unarudije nyumbani na mikono yote ile umenyooshewa? Nilirudi nusu ya njia. Niliishia Lusahunga, pale malori yanaposimama kupumzika, nikapata ndoo na brashi, nikawa naosha malori.

Miezi minne. Kutoka pale mpaka kwetu mtu anakwenda na pikipiki asubuhi na mchana amesharudi. Na mimi nilikuwa nyota Kigali. Nikimaliza kuosha lori lenye namba za Rwanda, navaa shati langu la jukwaani, naegemea mlango, natabasamu, namtumia dada yangu picha amuonyeshe mama. "Namshukuru Mungu, huku wananipenda." Mama akaenda kuisafisha picha moja, akaiweka kwenye fremu, akaitundika sebuleni juu ya kalenda.

Aliyenikuta pale ni mtu mmoja tu duniani.

Tulikaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza. Darasa la nne walimcheka kwa sababu ya kaptula iliyochanika nyuma, nikawapiga watatu, na wa nne akanipiga mimi. Tangu siku hiyo ilikuwa hivyo: akiguswa yeye, natoa damu mimi. Sikuwahi kukaa nikajiuliza kama na yeye angefanya hivyo kwangu. Hayo si mambo ya kuuliza.

Alikuja Lusahunga na magunia ya mahindi. Mimi nina povu mpaka kwenye viwiko. Akasimama, akaniangalia, akaangalia ndoo.

"Vipi Kigali," akasema, "kuna baridi?"

"Ukisema nitakuua."

Alicheka mpaka akakaa kwenye tairi la akiba. Nikamtupia brashi, ikampata begani, akazidi kucheka. Halafu akaninunulia chai na chapati mbili kwa mama mmoja wa Kihangaza pale kando ya barabara, akasubiri mpaka nikamaliza kula.

"Mimi nina mdomo?" akasema. "Mdomo wangu ni wa ngoma tu. Mambo ya watu hayapiti hapo."

Na alipofika nyumbani alikwenda kwa mama yangu, akamwambia ameongea na mimi kwa simu, kwamba huko Kigali nimenenepa. Alinidanganyia. Kwa uongo ule mmoja ningeingia motoni kwa ajili yake, naapa.

Niliporudi nilisema mkataba umeisha. Watu wakasema pole, mama akasema Mungu ana makusudi yake, na kuimba nikaacha. Sikuacha kutunga, lakini. Kutunga hakuachiki, ni kama kuwashwa.

Sasa lazima nikueleze ngoma zetu, vinginevyo hutaelewa kwa nini mtu mzima anaandika akiwa na hasira hivi. Sisi ni Wasukuma, babu zetu walihamia huku na ng'ombe wao, na ngoma walikuja nayo. Baada ya mavuno vikundi viwili vinashindana kwenye uwanja mmoja, wakati mmoja. Wewe unaimba upande huu, mwenzako upande ule. Hakuna jaji. Jaji ni miguu ya watu. Jua likizama, aliyezungukwa na watu wengi ndiye mshindi, na mwingine anafungasha ngoma zake kimya kimya. Kila kikundi kina manju, yaani kiongozi anayeimba mbele, na kazi ya manju ni kumtukana manju mwenzake kwa ustadi mpaka watu wahame. Upande wako unazaliwa nao. Baba akiwa upande huu, na wewe ni huu, mpaka kaburini.

Rafiki yangu baba yake alikuwa manju. Mzee alipofariki kijana akashika kikundi. Kucheza anajua, usiseme. Akirusha jembe juu na kulidaka, wanawake wanapiga vigelegele bila kuambiwa. Sauti anayo. Ila kutunga hawezi hata mstari mmoja. Akanijia shambani.

"Nkoi," akaniita, kwa Kisukuma ni rafiki, "nitungie."

"Mimi mambo yangu ni ya studio."

"Tusi ni tusi. Utalipanga tu."

Basi nikampangia. Tulikuwa tunapalilia, yeye ananipa habari za wapinzani, nani kafumaniwa, nani ng'ombe wake alikula nguo za mchungaji, mimi narudi baada ya mistari miwili ya mahindi na wimbo umeiva. Nilileta mambo ya Bongo Fleva humo: kibwagizo kinakuja mapema, kifupi, mtoto anakishika mara ya kwanza. Wazee walinuna wiki moja, wiki ya pili wakawa wanakiimba wakinywa pombe. Namrekodia kwenye simu, kikundi kikishajua wimbo nafuta. Wimbo ukitoka kabla ya siku yake umekufa, kwa sababu mwenzako atakuja na jibu tayari.

Na nikagundua kitu. Kwenye nyimbo zangu nne za zamani nilikuwa najiimba mwenyewe: nimeumia, nimependwa, nimeachwa. Uongo mtupu, nani aliniacha? Sasa natunga kwa ajili ya mdomo wa mtu mwingine, na kwa mara ya kwanza maneno yalikuwa ya kweli. Nasimama nyuma ya uwanja, nimeshika chupa ya maji ya manju, watu mia kadhaa wanaangua kicheko mahali palepale nilipopanga wacheke. Misimu miwili tulishinda kila uwanja.

Hakuna aliyejua ni mimi. Hapo ndipo penye jambo langu. Kwa desturi manju akifika katikati ya wimbo anataja watu: anajitaja mwenyewe, baba yake, aliyemfundisha, na mwisho aliyeupika wimbo. Anataja kwa jina kamili, na huyo mtu anaingia uwanjani anatikisa mabega, watu wanamjua. Rafiki yangu kila uwanja alikuwa akinyamaza hapo mwisho. Nilimwelewa. Alikuwa mgeni kwenye kiti cha baba yake, hakutaka waseme anashikwa mkono. Nikasubiri. Halafu akaniahidi mwenyewe, sikumwomba: "Siku tukikutana na wale wa Nyarubungo, nakutaja. Mama yako aje."

Wale wa Nyarubungo manju wao ni mwanamke, mnene, na filimbi shingoni, hajashindwa tangu mimi nasoma shule ya msingi. Nikatunga wimbo kwa mwezi mzima. Nikamwambia mama, safari hii utasikia kitu. Akanunua kanga.

Siku yenyewe watu walijaa mpaka juu ya miti. Tukaanza vizuri, aisee. Kibwagizo cha pili tu, miguu ikaanza kuja upande wetu. Nikaona vumbi linahama. Mwanamke wa watu kule anapuliza filimbi, watu wanamkimbia. Rafiki yangu akapandisha jembe, akalidaka, akaanza kutaja. Akajitaja. Akataja baba yake. Akataja babu yake. Akamtaja mwenye jenereta. Mimi tayari nimeweka chupa chini, nimefunga kamba za viatu.

Akarudi kwenye kibwagizo.

Nikajisemea amesahau, atarudi. Nikajisemea kweli hivyo.

Na hapo upande wa pili ngoma zikanyamaza. Zote, ghafla. Kimya kinavuta watu kuliko kelele, yule mama analijua hilo. Vichwa vikageuka. Akaanza peke yake, taratibu, na wimbo wake nauweka hapa kwa Kiswahili ingawa kwa Kisukuma unauma zaidi:

*Nimetoka Kigali,*
*Kigali ya Lusahunga,*
*Jukwaa langu ndoo,*
*Maiki yangu brashi.*

Akaingia mchezaji mmoja kavaa shati linalofanana na langu, kabeba ndoo ya povu. Mwingine akajikunja akawa lori, analia "mbuuu" kama ng'ombe, yule anamsugua mgongo huku anapiga picha kwa gunzi la mahindi. Watu walivunjika mbavu. Halafu yule mama akanitaja. Jina la ubatizo, jina la baba, jina la usanii, yote matatu. Akasema, huyo ndiye anayewapikia wale pale nyimbo, mwosha malori.

Kwa hiyo nilitajwa. Nilisubiri misimu miwili upande wangu unitaje, akanitaja adui.

Mimi si mjinga. Lile povu, ile ndoo, lile shati la kushonesha, si mambo ya kubuni siku ileile. Walifanya mazoezi wiki nzima au zaidi. Na duniani aliyejua ni mmoja. Nikageuka kumtazama. Alikuwa ameinama anafunga njuga mguuni, na njuga zilikuwa zimeshafungwa.

Vumbi lote likahamia kwao. Mama yangu alibaki kakaa palepale upande wetu, karibu peke yake. Halafu akasimama, akakung'uta kanga, akaondoka. Kuna mjinga mmoja akamwambia, "Shikamoo mama Kigali." Huyo nilimfuata, na zaidi ya hapo sisemi.

Nyumbani nilikuta picha imeshushwa. Msumari upo, kalenda ipo, pale juu ukuta mweupe umbo la fremu.

"Mama."

"Ulinifanya nimshukuru Mungu kwa uongo," akasema. Hakupaza sauti. Bora angepaza.

Jumapili iliyofuata alisimama tena wakati wa shukrani. Nilitaka ardhi inimeze. Akasema, "Ile shukrani niliyoitoa naomba niirudishe. Mwanangu hakufika nje ya nchi. Alikuwa Lusahunga, anaosha magari. Alikuwa mzima. Basi nashukuru kwa huo uzima." Akakaa. Hakuna aliyecheka. Lakini picha hakuirudisha.

Ila asubuhi ya kwanza baada ya ngoma, kabla ya hayo ya kanisani, nilikwenda kwa rafiki yangu. Nilimkuta anafungua ng'ombe.

"Mwangaluka," akasema, kama vile ni asubuhi ya kawaida.

"Usinisalimie! Umenitoa?"

Akaendelea na kamba. "Kaa kwanza."

"Sikai! Umenitoa au hukunitoa?"

"Nimekutoa."

Nilitegemea abishe. Nilikuwa nimejiandaa kwa kubisha.

Akanieleza. Kumbe manju wawili kabla ya ngoma kubwa hukutana kwa siri, wakapatana nini kisiimbwe. Yule mama wa Nyarubungo alikuwa na jambo la marehemu baba wa rafiki yangu. Jambo gani silisemi, la marehemu ni la marehemu. Rafiki yangu akamwomba aliache. Yule mama akasema sawa, lakini mboga hailiwi bila chumvi, nipe kingine cha kuimba.

"Nikampa wewe," akasema.

"Kikundi kina watu ishirini na nane! Kwa nini mimi?"

Akanishangaa. Nasema kweli, alinishangaa, kama nimeuliza kwa nini maji yanashuka mlima. "Hao wengine si wangu. Mtu anatoa cha kwake. Wewe ni ndugu yangu."

"Na kunitaja?"

"Ningekutaja vipi, na najua dakika tano mbele unaimbwa? Nilikuhurumia."

"Na mama yangu uliyesema aje?"

Hapo alivuta kamba ya ng'ombe. Halafu akasema neno ambalo bado linanizunguka kichwani nikipalilia, nikila, nikioga. Alisema, "Nilijua utakasirika, halafu utarudi. Wewe huwa unarudi."

Nilipiga teke ndoo ya maziwa. Ng'ombe akaruka, akamkanyaga yeye kidole. Ndiyo haki pekee niliyopata.

Wiki mbili baadaye yule mama wa Nyarubungo akanipigia, akanisalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, mwanangu. Nilikuimba vizuri?"

"Shikamoo. Umeniimba mpaka jina la ubatizo!"

"Marahaba. Sasa wewe ulitaka nikuimbe nusu?" Akacheka, kifua kinakoroma. "Sikiliza. Nyimbo zenu misimu miwili nilijua hazitoki kwa yule. Yule ni miguu. Njoo kwangu. Mimi namtaja mtunzi kabla sijamtaja baba yangu."

"Mimi nimezaliwa upande huu."

"Najua. Na yeye pia." Akaniacha nisikilize hilo. "Kukaa dawati moja miaka yote hiyo, huna lake hata moja?"

Ninalo. Moja. Likiimbwa, huyo jamaa hatashika jembe mbele ya watu tena, na kikundi cha baba yake kitakufa siku hiyohiyo. Nilimwambia yule mama sina. Hata hapa siliandiki, na wewe unayesoma acha kulitafuta.

Lakini kutunga ni kuwashwa, nilishasema. Lile jambo likaja lenyewe nikiwa kwenye maharage, na kibwagizo chake, na mahali pa kicheko. Sijawahi kutunga wimbo mzuri kama ule na sidhani kama nitatunga tena. Nikaurekodi kwenye simu. Nikakaa nao miezi, kama mtu aliyeficha nyoka kwenye chungu. Unapita unagonga mfuniko kuona kama bado yupo.

Juzi hapa, mahindi yanakauka, nikapata ujumbe wa sauti. Sauti yake, na kuku wanasikika nyuma.

"Nkoi. Msimu ndio huo. Nitumie wimbo basi, vijana wanauliza."

Hakuna samahani humo ndani. Niliucheza mara tatu nikiitafuta.

Nikamtumia. Ule ule. Yeye peke yake. Nilitaka ausikilize akiwa na kuku wake, ajue tangu wiki ile nilikuwa na kisu na sikukitoa. Tiki mbili zikageuka bluu. Nikakaa kwenye jembe nasubiri. Nilijipangia majibu yake yote: atakuja analia, nitamsamehe baada ya kumtukana kidogo. Atakuja na fimbo, tutapigana, halafu tutakunywa chai. Hata angesema tu mtamu huu, ningejua moyo wake umekufa, basi.

Jioni jibu likaingia. Aliandika, na yeye kuandika ni mvivu:

"Nani mwingine anao huu?"

Nilikaa naye dawati moja miaka saba. Nilipigwa kwa ajili ya kaptula yake. Na huyo mtu, baada ya yote hayo, ananipima kwa kibaba chake mwenyewe.

Sijamjibu. Wimbo unao watu wawili duniani, na mmoja ni yeye. Hilo ndilo alilotakiwa kulijua bila kuuliza.